Mtamba wa Kutunziwa: Hesabu na Elimu ya Viumbe Katika Desturi ya Kukabidhiana Mifugo

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza katika boma la mfugaji, akahesabu ng'ombe 18 wakirudi jioni kutoka malishoni, aghalabu huandika katika daftari lake kuwa mwenye boma ana ng'ombe 18. Kumbe huenda 6 kati yao ni wa shemeji yake anayekaa ng'ambo ya mto, 3 ni wa rafiki aliyetahiriwa pamoja naye, na mmoja ni wa mjane wa jirani. Tena huenda mwenye boma huyo anao ng'ombe wengine 15 ambao mgeni hakuwaona, kwa sababu usiku ule wamelala katika mazizi ya watu wengine wanne. Basi hesabu ya zizi si hesabu ya mali, wala mali ya mtu haionekani yote mahali pamoja.

Desturi ya kumkabidhi mtu mwingine mnyama mchanga, hasa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, ili amlee mbali na boma la mwenyewe, inajulikana katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki. Inajulikana pia, kwa sura nyingine, katika nchi za wafuga farasi. Wakati wa ukoloni walikuwapo maofisa walioiona kuwa ni vurugu tu, au ni njia ya kuficha mifugo isihesabiwe. Ni kweli kwamba mali iliyotawanyika ni vigumu kuhesabiwa na mtoza kodi, au kuombwa na ndugu. Lakini sababu hiyo peke yake haitoshi kueleza desturi iliyoenea kiasi hicho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ndani ya desturi hii imo hesabu iliyo sahihi na imo elimu ya viumbe. Na kwamba hesabu hiyo ina masharti yake, ambayo yakivunjika, desturi nzima humgeukia mfugaji.

MKATABA ULIVYO

Masharti hutofautiana kutoka jamii hadi jamii, lakini mfumo wake mkuu ni mmoja. Kuna mwenye mnyama na kuna mtunzaji. Mnyama huhama, umiliki hauhami.

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Wachagga waliweka ng'ombe kwa majirani na jamaa. Mtunzaji alimlisha mnyama kwa majani na migomba, akapata maziwa ya kunywa na samadi ya kurutubisha kihamba chake. Ndama walikuwa wa mwenyewe. Mnyama alipochinjwa, mtunzaji alikuwa na haki ya kupewa sehemu ya nyama. Mahali ambapo ardhi ni finyu na migomba hulimwa mwaka hata mwaka, samadi haikuwa malipo madogo.

Miongoni mwa Wapokot wa Kenya, mapatano yaitwayo tilia yalielezwa na mtaalamu Harold Schneider mwaka wa 1957. Mtu aliyehitaji dume wa kuchinja alimpata kwa mwenzake, naye akamkabidhi mwenzake huyo ng'ombe jike. Ng'ombe jike alikaa kwa yule aliyetoa dume, akamnufaisha kwa maziwa, na uhusiano wa watu hao wawili ukaendelea kwa miaka mingi. Miaka miwili kabla yake, mwaka wa 1955, P. H. Gulliver alikuwa ameeleza jinsi kila mwanamume wa Wajie wa Uganda na Waturkana wa Kenya alivyokuwa na mtandao wake mwenyewe wa wenzi wa mifugo, watu ambao aliweza kuwaomba mnyama nao wakaweza kumwomba.

Wamasai wana jambo linalokaribiana na hili lakini si lile lile. Katika uhusiano waitao osotua, mnyama hutolewa kwa mwenye shida bila kudaiwa. Neno lenyewe asili yake ni kitovu, yaani ile kamba inayomuunganisha mtoto na mama yake. Hapo hakuna deni la mnyama kwa mnyama, bali kuna wajibu wa kusaidiana haja inapotokea. Ni vema wanafunzi watofautishe mambo mawili haya: kutoa na kukabidhi.

Swali ambalo kila mkataba hauna budi kulijibu ni hili: mnyama akifa, hasara ni ya nani? Katika jamii nyingi jibu ni kwamba, maadamu hakukuwa na uzembe, hasara ni ya mwenyewe. Lakini mtunzaji hupaswa kupeleka habari mapema, na kuonyesha ngozi. Ngozi ndiyo shahidi kwamba mnyama alikufa kweli, wala hakuuzwa.

MAZIWA YA NANI, NDAMA WA NANI?

Hapa ndipo panapoonekana ugumu wa jambo hili. Katika mapatano mengi maziwa ni ya mtunzaji, na ndama ni wa mwenyewe. Lakini maziwa ya mtunzaji na chakula cha ndama hutoka katika kiwele kimoja. Ng'ombe wa kienyeji anayelishwa malishoni peke yake hutoa maziwa machache; mara nyingi anayebaki kwa ajili ya watu ni lita moja hadi mbili kwa siku, baada ya ndama kunyonya. Mtunzaji mwenye watoto wenye njaa akikamua zaidi ya kiasi, ndama hudhoofika, hushambuliwa na minyoo na kuhara, na pengine hufa. Watoto wa mtunzaji wameshiba. Mali ya mwenyewe imepotea. Wala hakuna ushahidi, kwa maana ndama wengi hufa hata katika mazizi ya waangalifu.

Wafugaji walilitambua tatizo hili zamani sana, na dawa waliyoigundua ni rahisi: mtunzaji apewe fungu katika uzao. Palipo na mapatano kwamba baada ya ndama kadhaa mmoja atakuwa wa mtunzaji, basi kila ndama anayekufa humpunguzia mtunzaji naye. Atapima mwenyewe kikombe cha maziwa cha leo dhidi ya mtamba wa kesho. Badala ya mwenyewe kuja kila wiki kukagua zizi, mkataba unafanya ukaguzi kwa niaba yake.

KWA NINI MNYAMA MCHANGA, TENA JIKE

Sababu ya kwanza ni uzazi. Dume hutoa nyama mara moja, au nguvu za kulima kwa miaka michache. Jike hutoa maziwa, samadi na watoto. Mtunzaji hawezi kulipwa kwa mnyama asiyezaa, isipokuwa apewe fedha. Muda wa malipo, hata hivyo, hutegemea aina ya mnyama:

- Mbuzi hubeba mimba kwa muda wa siku 150 hivi, na mara nyingi huzaa mapacha.
- Ng'ombe hubeba mimba kwa muda wa siku 280 hivi, na huzaa ndama mmoja.
- Farasi hubeba mimba kwa muda wa siku 340 hivi, na huzaa mtoto mmoja.

Ng'ombe wa kienyeji katika malisho ya asili mara nyingi huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu na nusu hadi minne, kisha hupita mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Nusu ya ndama ni madume. Kwa hiyo anayekabidhi mtamba wa miaka miwili hatarajii ndama jike wa kwanza kabla ya miaka miwili hadi minne kupita. Mkataba wa mbuzi unaweza kumalizika kati ya mavuno na mavuno; mkataba wa ng'ombe hupimwa kwa umri wa watoto wa watu.

Sababu ya pili ni magonjwa. Kupe wa nchi moja si sawa na kupe wa nchi nyingine, na mnyama huzoea vijidudu vya mahali alipokulia. Ndama mchanga ana uwezo wa asili wa kustahimili ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu kuliko ng'ombe mzima ambaye hajawahi kuambukizwa. Akiambukizwa angali mdogo, huugua kidogo, hupona na kubaki na kinga. Ng'ombe mzima akiambukizwa kwa mara ya kwanza huugua vibaya. Katika ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva na kusambazwa na kupe wa kahawia wa masikioni, mnyama aliyenusurika hupata kinga ya muda mrefu. Lakini kundi la ng'ombe wazima waliotoka mahali pasipo na kupe hao, likiingizwa penye kupe wengi, huangamia. Hivyo mnyama wa kuhamishwa afadhali ahamishwe mapema, ili mwili wake ujifunze nchi atakayoishi. Wazee hawakuwa na hadubini, lakini matokeo waliyaona.

Sababu ya tatu ni malezi. Mnyama mchanga hufuata kundi analokulia, huzoea sauti ya mchungaji wake mpya na njia ya kisima kipya.

MFANO WA NCHI ZA FARASI

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki farasi hakupata kuwa mnyama wa wananchi wengi. Mbung'o humletea nagana, na ugonjwa wa virusi uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosambazwa na wadudu waumao walio wadogo kuliko mbu, huua sehemu kubwa ya farasi wageni wanaoambukizwa. Kwa hiyo lililofanyika hapa kwa mtamba, kwingineko lilifanyika kwa farasi. Na kulinganisha mawili hayo kunafunza.

Wakazakhi wa Asia ya Kati, kabla ya mifugo yao kukusanywa katika mashamba ya pamoja miaka ya 1930, walikuwa na desturi iitwayo saun, neno linalotokana na kukamua. Tajiri mwenye makundi aliwapa jamaa zake maskini wanyama wa maziwa, wakiwamo farasi majike, ambao maziwa yao huchachushwa na kuwa kinywaji mashuhuri cha watu hao. Maskini alikunywa maziwa. Tajiri alibaki na wanyama, na akapata mikono ya kumsaidia kazi. Nchini Mongolia, kabla ya mageuzi yaliyofuata mwaka wa 1921, nyumba za watawa wa Kibudha na watemi waliwakabidhi watu wa kawaida makundi ya kondoo, ng'ombe na farasi kwa mapatano ya namna hiyo. Mchungaji alichukua maziwa, sehemu ya sufu na kinyesi cha kuwashia moto, na wanyama pamoja na uzao wao wakabaki kuwa wa mwenye mali.

Kwa Mabedui wa Bara Arabu mambo yalikuwa tofauti kidogo. Msafiri wa Kiswisi Johann Ludwig Burckhardt, aliyefariki Cairo mwaka wa 1817, aliacha maelezo yaliyochapishwa baada ya kufa kwake, yakionyesha kuwa Bedui alichukia kuuza farasi jike mzima mzima. Aliuza nusu yake. Mnunuzi alimchukua farasi na kumtunza, lakini mtoto jike aliyezaliwa alikuwa haki ya muuzaji. Au mnunuzi aliweza kubaki na mtoto na kumrudisha mama. Kwa njia hiyo ukoo wa farasi bora haukutoka kabisa mikononi mwa mwenyewe, hata kama farasi alilala katika hema la mtu wa mbali. Mnyama anayebeba mimba miezi kumi na mmoja na kuzaa mtoto mmoja tu ni haba. Na kilicho haba watu hugawana haki zake kwa uangalifu mkubwa zaidi. Mfugaji wa mbuzi hahitaji mkataba wa namna hiyo.

HESABU YA HATARI

Sasa ichukuliwe kuwa mfugaji ana ng'ombe 10. Ichukuliwe pia, kwa ajili ya somo hili tu, kuwa katika kila zizi kuna uwezekano wa 1/10 kwamba mwaka huu janga litaingia (ugonjwa, wezi au moto) na kuwamaliza wanyama wote wa zizi hilo. Mwisho, ichukuliwe kuwa janga la zizi moja halitegemei janga la zizi jingine.

Akiwaweka wote mahali pamoja, uwezekano wa kuwapoteza wote ni 1/10. Wastani wa hasara yake kwa mwaka ni 10 × 1/10, yaani ng'ombe mmoja.

Akiwagawa mahali pawili, watano kila zizi, uwezekano wa mazizi yote mawili kupatwa na janga mwaka mmoja ni 1/10 × 1/10 = 1/100. Uwezekano wa zizi moja tu kupatwa ni 2 × 1/10 × 9/10 = 18/100. Wastani wa hasara ni (18/100 × 5) + (1/100 × 10) = 0.9 + 0.1 = ng'ombe mmoja.

Wanafunzi na watazame kwa makini. Wastani wa hasara haukubadilika hata kidogo! Anayedhani kwamba kutawanya mifugo hupunguza vifo amekosea. Akiwagawa mahali patano, wawili kila zizi, wastani utabaki ule ule wa ng'ombe mmoja. Na uwezekano wa kupatwa na hasara ya namna fulani utaongezeka kutoka 10 katika 100 hadi 41 katika 100 hivi, kwa kuwa sasa kuna milango mitano ya balaa badala ya mmoja. Kilichobadilika ni uwezekano wa kufilisika: kutoka 1/10 hadi 1/100, kisha hadi 1/100,000.

Kwa mfanyabiashara mwenye akiba benki, wastani ndio jambo kubwa. Kwa mfugaji ambaye mifugo ndiyo chakula, mahari na benki yake, jambo kubwa ni kutofika sifuri. Aliyebakiwa na ng'ombe wawili anaweza kuanza tena, kwa maana ng'ombe huzaana. Aliyebakiwa na sifuri, hata akizidishiwa mara ngapi, hubaki na sifuri.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi miaka inapopita. Anayeweka mifugo yake yote mahali pamoja ana uwezekano wa 9/10 kuvuka kila mwaka bila kufilisika. Kuvuka miaka 10 mfululizo ni 9/10 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, yaani asilimia 35 hivi. Aliyegawa mahali pawili, na ambaye baada ya kila hasara hugawa tena waliobaki, huvuka miaka 10 kwa uwezekano wa asilimia 90. Ng'ombe ni wale wale, nchi ni ile ile, na magonjwa ni yale yale.

Mawazo ya namna hii yamepimwa pia kwa kompyuta. Mwaka wa 2011 watafiti Athena Aktipis, Lee Cronk na Rolando de Aguiar walitoa matokeo ya uchunguzi ulioiga makundi ya mifugo ya wafugaji wanaofuata kanuni za osotua: omba pale tu unapokuwa na haja, na toa maadamu kutoa hakutakuangamiza wewe mwenyewe. Makundi ya walioshirikiana kwa kanuni hizo yalidumu muda mrefu kuliko ya waliojitegemea.

Je, kwa nini basi mfugaji asimweke kila ng'ombe mahali pake? Kwa sababu kila mtunzaji huongeza gharama ya safari, ya kukumbuka, na ya kuamini. Kutoka zizi moja hadi mawili faida ni kubwa mno; kutoka matano hadi kumi faida inayoongezeka ni ndogo, ilhali kazi ya kuwafuatilia watunzaji imekuwa maradufu.

HESABU INAPOSHINDWA

Hesabu hiyo yote imesimama juu ya sharti moja, kwamba janga la hapa halitegemei janga la kule. Ichukuliwe kuwa kuna janga la aina nyingine, linalokuja kwa uwezekano wa 1/20 kila mwaka na kuyakumba mazizi yote kwa pamoja. Hapo hata mifugo ingetawanywa katika mazizi mia moja, uwezekano wa kufilisika hauwezi kushuka chini ya 1/20, na uwezekano wa kuvuka miaka 10 hauwezi kupita asilimia 60 hivi.

Janga la namna hiyo lilikwisha kutokea. Sotoka iliingia kaskazini mashariki mwa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikafika nchi ya Wamasai mnamo 1890 na 1891, na kuua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita huko mwaka wa 1892, alikuta watu waliokonda kwa njaa wakizunguka kutafuta chakula. Aliyekuwa na ng'ombe katika mazizi matano alipelekewa ngozi kutoka mazizi yote matano. Zaidi ya hayo, ugonjwa wa kuambukiza hupita katika njia zile zile wanamopita wanyama wanaokabidhiwa. Mtandao unaomkinga mfugaji na wezi au moto unaweza kuwa barabara ya kijidudu.

Kwa hiyo desturi ya kutawanya mifugo na huduma ya mifugo ya taifa hazishindani; kila moja hufanya kazi ambayo nyingine haiwezi. Hatari za hapa na pale, mfugaji huzimudu kwa kutawanya. Hatari za pamoja huhitaji chanjo, majosho, na uangalizi wa usafirishaji wa wanyama. Sotoka haikushindwa kwa kutawanya mifugo, bali kwa chanjo iliyofuatiliwa nchi baada ya nchi, hadi mwaka wa 2011 ilipotangazwa rasmi kuwa imetokomezwa duniani. Ukame mkubwa, kama ule wa 2008 na 2009 uliowaathiri wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya, nao ni hatari ya pamoja, na mfugaji aliyetawanya ng'ombe wake katika wilaya moja tu hakupata kinga aliyoitegemea. Kinga hupatikana pale tu mazizi yanapokuwa katika nchi zenye mvua tofauti, kama vile mlimani na bondeni.

MKATABA KATI YA WASIOLINGANA

Sharti la pili halimo katika hesabu, nalo ni usawa wa wanaopatana. Ndugu wawili wanapokabidhiana mifugo, leo huyu ni mwenyewe na kesho ni mtunzaji. Lakini mmoja akiwa na ng'ombe wote na ardhi yote, mkataba ule ule hugeuka kuwa kamba shingoni. Nchini Rwanda, katika mfumo ulioitwa ubuhake, mkubwa alimpa mtu wa chini ng'ombe, na mpokeaji akawa mtu wake, akimtumikia na kumtegemea kwa ulinzi. Ng'ombe aliweza kunyang'anywa, na pamoja naye uzao na riziki. Mfumo huo ulifutwa na Mwami Mutara Rudahigwa mwaka wa 1954. Nchini Burundi mfumo ulioukaribia, ubugabire, ulifutwa mwaka uliofuata.

Hata kati ya walio sawa, muda mrefu huzaa magomvi. Mtamba mmoja baada ya miaka ishirini huweza kuwa na vitukuu. Waliopatana wamekufa, watoto wa mmoja wanasema ng'ombe alikabidhiwa, watoto wa mwingine wanasema alitolewa. Kesi za namna hiyo zimesikilizwa Kilimanjaro juu ya wanyama waliokabidhiwa miongo mingi kabla. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilikuwa mashahidi waliokunywa pombe siku ya mapatano. Siku hizi mtoto wa shule anaweza kuandika tarehe, rangi na alama ya mnyama, masharti, na majina ya mashahidi katika ukurasa mmoja, nakala mbili.

KOPA NG'OMBE, LIPA NG'OMBE

Wazo la zamani limepata sura mpya. Mmarekani Dan West, aliyewahi kugawa maziwa kwa wakimbizi wa vita vya Hispania vya 1936 hadi 1939, aliona kwamba kikombe cha maziwa huisha siku ile ile. Mpango wake wa kugawa mitamba ulipeleka shehena ya kwanza mwaka wa 1944, kwa sharti kwamba mpokeaji atoe ndama jike kwa mhitaji mwingine. Katika mikoa kadhaa ya Tanzania mipango ya aina hii imejulikana kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Rwanda, nchi iliyowahi kuwa na ubuhake, ilianzisha mwaka wa 2006 mpango wa Girinka, ambamo kaya maskini hupewa ng'ombe na kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Hapa ng'ombe hamfungi mpokeaji kwa mkubwa. Deni lake hulipwa kwa mtu aliye maskini kama yeye.

Hapa nako kuna hesabu. Ichukuliwe kuwa mpango unaanza na mitamba 10, kila mpokeaji anadaiwa mtamba mmoja, na katika kila wapokeaji 10 ni 8 tu wanaofanikiwa kulipa, kwa sababu ya vifo na utasa. Kaya 10 zitafuatwa na 8, kisha 6.4, kisha 5.12, na kuendelea. Jumla yote kwa wastani haitapita kaya 50, na mnyororo utakatika. Deni likiwa mitamba miwili, na kila mmoja kati ya hiyo akiwa na uwezekano ule ule wa 8/10, kaya 10 zitafuatwa na 16, kisha 25.6, na mnyororo utakua. Mpaka ni namba moja: kila mpokeaji akizalisha kwa wastani chini ya mpokeaji mmoja, mpango hufa, akizalisha zaidi ya mmoja, hukua. Kanuni hiyo hiyo hutawala uenezi wa magonjwa, na mfuatano wa mipasuko ya atomi katika tanuri la nyuklia.

Lakini deni la mitamba miwili si jepesi. Kwa kuwa nusu ya ndama ni madume, mpokeaji atahitaji kwa wastani ng'ombe wake azae mara nne kabla ya kumaliza kulipa. Mpango unaodai kidogo hukatika, na unaodai sana humchosha maskini uliekusudia kumsaidia. Njia iliyo bora kuliko kuongeza deni ni kupunguza vifo: josho, chanjo, majani ya kutosha, na ndama kuachiwa maziwa yake. Kila ndama anayeokolewa humsogeza mpokeaji kwenye uhuru, na humsogeza jirani yake kwenye ng'ombe wa kwanza.

MAZOEZI

1. Mfugaji ana mbuzi 12 katika mazizi matatu, wanne kila zizi. Uwezekano wa janga katika kila zizi ni 1/5 kwa mwaka, na majanga hayategemeani. Tafuta uwezekano wa kupoteza mbuzi wote, na wastani wa hasara. Linganisha na hali ya kuwaweka wote zizi moja.

2. Ng'ombe wa mpokeaji wa mkopo amezaa madume mfululizo. Uwezekano wa jambo hilo kutokea mara tatu za kwanza ni kiasi gani? Je, ni haki mpango kumnyang'anya ng'ombe kwa sababu hiyo?

3. Taja hatari mbili za mifugo katika wilaya yenu ambazo kutawanya kunaweza kuzikinga, na mbili ambazo kutawanya hakuwezi. Eleza sababu.

4. Waulize wazee wawili masharti ya kukabidhiana mifugo waliyoyajua: maziwa ni ya nani, ndama ni wa nani, hasara ya kifo ni ya nani. Je, masharti hayo yanamlinda ndama?